Lenzi ya Hatua Kumi na Nane

9 Februari

Mke wangu mdogo, Bibi Bisibisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika kama kawaida yake, la kulia limeacha kumsikiliza mwenzake. Mjomba wako amepaka nyumba yake rangi ya manjano na anapita mtaani akiuliza kila mtu maoni. Sote tunasema imependeza, huku tunatazama pembeni. Paka amezaa ndani ya sanduku la mapazia ya studio, watoto watano, na wote wana sura ya dume la duka la madaftari, kwa hiyo kesi imekwisha kabla ya kuanza. Mama yako nimemwandikia barua yake mwenyewe. Usimwambie kwamba yako ni ndefu zaidi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nitafute kalamu. Nataka lenzi.

Najua umesimama. Kaa. Ni miaka minne sasa tangu Bibi yako atutoke, na miaka yote hiyo sijamlenga mtu yeyote kwa kamera. Siku hizi studio yangu inatoa nakala za vyeti tu. Mashine ndiyo inayofanya kazi, mimi nipo kwa ajili ya kuijaza karatasi. Lakini ile safu ya vibanda ng'ambo ya barabara inafungwa tarehe thelathini na moja Julai kwa ukarabati, na wapangaji wote wanatawanyika. Nimeona niupige mtaa picha za kumbukumbu kabla haujabadilika. Hasa ubao wa funguo wa kibanda cha katikati. Kuna funguo zaidi ya mia tatu zimetundikwa kwenye misumari, na jua la asubuhi likizipiga, mng'ao unafika mpaka mezani kwangu. Ni ubao tu ninaoutaka. Mwenye kibanda, mchonga funguo, anahamia kwa binti yake, mbali kama ulivyo wewe.

Kamera ni ile ile uliyojifunzia: unachungulia kidirishani, unakiona kitu kimoja mara mbili, unazungusha lenzi mpaka vivuli viwili vikutane viwe kimoja. Imebaki na lenzi ya milimita hamsini peke yake. Kutoka dirisha langu mpaka kwenye ubao ni hatua kumi na nane. Nimezihesabu nikijifanya natafuta sarafu iliyodondoka. Kwa hamsini, ubao unatoka mdogo kama ukucha. Wewe ndiye fundi wa kamera wa ukoo huu. Nichagulie lenzi ya kuvuta, isiwe ndefu kupita kiasi.

Mumeo mwenye hamu,
Babu


27 Februari

Mume wangu mpendwa, mwenye goti moja lenye adabu,

Shikamoo. Ndiyo, mke anamwamkia mumewe shikamoo. Ndoa yetu ina mambo yake.

Mama hajambo. Amejiunga na kwaya na sasa anaimba hata anapokuuliza chumvi iko wapi. Jirani wa juu yangu anajifunza tarumbeta. Anajua nusu ya wimbo mmoja, na sote jengo zima tunaujua pamoja naye. Kwenye karakana ya kamera tunaendelea. Bosi, ambaye tunamwita Mzee wa Vumbi kwa sababu ya vita vyake na vumbi, amefunga pazia la tatu mlangoni.

Barua yako niliisomea kazini. Nilipofika pale pa "nataka lenzi" nilinyanyuka kwa nguvu, na skrubu niliyoishika kwa kibanio, ndogo kama punje ya ufuta, ikaruka. Watu wazima watatu tulitambaa sakafuni na sumaku kwa saa nzima. Mzee wa Vumbi mwenyewe ndiye aliyeipata, kwenye mkunjo wa suruali yake. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia babu yangu ameomba lenzi. Hakuelewa kwa nini nalia na kucheka kwa pamoja, lakini alinisamehe skrubu.

Babu, nimefurahi mpaka naona aibu.

Basi tufanye kazi. Nimepima hatua kumi na nane uani kwetu na kusimamisha fagio mahali pa ubao wako. Kamera yako inakubali lenzi tatu za kuvuta: sabini na tano, tisini, na mia na thelathini na tano. Sabini na tano ni ya mtu unayekaa naye meza moja. Tisini tuiache, hazipatikani siku hizi. Kwa hatua kumi na nane, chukua mia na thelathini na tano. Mzee wa Vumbi anakuazima ya kwake kwa sharti kwamba usiipumulie.

Mkeo,
Bisibisi


2 Aprili

Bibi Bisibisi,

Marahaba. Nisamehe kimya, nilikuwa na shughuli. Ona neno hilo lilivyo zuri: shughuli. Watoto wa paka wanne wamepata kwao, wa tano amebaki na anaiogopa mashine ya nakala. Mjomba wako ameghairi, nyumba sasa ni ya bluu.

Lenzi ilifika salama na sijaipumulia. Ila mke wangu, fremu yake pale kidirishani ni ndogo kama kidonge. Nimechungulia mpaka jicho likatoa machozi, wapita njia wakawa wananipa pole. Tena kutoka dirishani pikipiki zinapita katikati, kila nikibonyeza napata helmeti ya mtu. Nikasogea mpaka ukingo wa barabara upande wangu, hatua kumi na nne. Mwanga ukawa mbaya. Nikavuka, nikajisimamisha kwenye nguzo ya umeme, hatua tisa. Hapo ndipo penyewe. Mwanga ni mzuri sana saa nne asubuhi, wakati mchonga funguo anafungua dirisha la pili na kunywa chai yake kwenye kikombe cha bati chenye ua jekundu. Anaweka sukari vijiko viwili na kukoroga mara saba. Mtaa mzima unamwita Mama Tupa, kwa kuwa tupa yake ya kusugulia funguo haitoki mkononi, hata chai anaikoroga kwa mpini wake kijiko kikipotea.

Tatizo ni hili: kwa hatua tisa lenzi hii ni ndefu mno. Ubao hauingii wote. Chagua tena, fupi zaidi.

Nakutumia filamu moja uisafishe huko kwenu. Chumba changu cha giza, cha kusafishia filamu, kimefungwa tangu mwaka ule wa Bibi yako, na ufunguo wake umepotea.

Babu


20 Aprili

Mume wangu wa kwenye nguzo,

Shikamoo. Mama anakusalimu kwa sauti ya pili. Jirani wa tarumbeta amehamia kwenye nusu ya wimbo mwingine. Mimi nimehesabu: umeandika sentensi nne kuhusu kikombe cha chai na moja kuhusu ubao.

Mara saba, Babu?

Filamu nimeisafisha mwenyewe, sikumpa mtu. Picha thelathini na sita, zote nimezipitia kwa kioo cha kukuzia, nikizipanga moja moja juu ya meza ya mwanga. Ubao wa funguo una ukungu katika zote thelathini na sita. Funguo mia tatu, na hakuna hata mmoja ambao ungeweza kufungua nao mlango. Lakini kuna mama mmoja amekaa hatua moja mbele ya ubao, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na huyo ametoka wazi kiasi kwamba naweza kukuambia kishikizo chake cha pili kimeshonwa kwa uzi tofauti na vingine. Naweza kukuambia nyusi zake. Kwenye picha ya ishirini na mbili naweza kukuambia anapiga chafya.

Mimi nauliza tu, kama fundi. Huyu ndiye ubao?

Kuhusu ufunguo wa chumba cha giza: umepoteza ufunguo, na ng'ambo ya barabara yako, hatua kumi na nane, ambazo sasa ni tisa, kuna mtu kazi yake ni kuchonga funguo. Sisemi zaidi.

Kwa hatua tisa nakushauri sabini na tano. Nitaitafuta.

Bisibisi


6 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke. Salamu. Hapa wote wazima.

Kamera ni mbovu. Nilihisi tangu mwanzo. Kile kioo cha ndani kimehama, kwa hiyo unalenga ubao, yenyewe inachukua kilicho hatua moja mbele. Bahati mbaya pale mbele palikuwa na mtu, kwa sababu watu hukaa kwenye vibanda vyao. Nimeifunga vizuri na kumpa dereva wa gari la vifurushi, pamoja na lenzi ya bosi wako. Ipime, uirekebishe, uirudishe upesi. Julai haiko mbali. Kishikizo sijakiona. Uzi wake ni wa kijani.

Jambo jingine. Mtu aliyelelewa studio akiambiwa hatua tisa, au tuseme sita, maana nguzo imepakwa rangi mbichi nikalazimika kusogea, anajibu tisini kabla hujamaliza kuuliza. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo ukiwa na miaka kumi na mbili, umesimama juu ya kreti ili ufikie kidirisha. Mara ya kwanza uliniambia hazipatikani. Mara ya pili umeruka kutoka mia na thelathini na tano mpaka sabini na tano kama mtu anayeruka dimbwi. Una nini na tisini?

Yangu niliiuza wiki ile ile tuliyomzika Bibi yako, kwa mtu wa kwanza aliyeiulizia. Nisingeweza kuichungulia tena. Kila nikiiweka jichoni namwona yeye amekaa kwenye stuli ananiambia niharakishe, mboga zinaungua. Nilijuta kabla yule mtu hajafika mwisho wa barabara, na sikumkimbilia. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Babu yako


3 Juni

Bisibisi,

Kamera yangu iko wapi? Wiki nne. Uliniandikia kwamba umeipokea, mstari mmoja kama risiti, halafu kimya. Kama unaumwa sema. Kama nimekukosea sema pia.

Huku mambo yameharibika. Mtu mwenye kamera anaweza kusimama popote, watu wanasema yuko kazini. Mtu asiye na kamera akisimama mbele ya kibanda dakika ishirini anaulizwa anataka nini. Mama Tupa aliniuliza. Nilikuwa mikono mitupu, hatua tatu kutoka kwake, na kitu pekee nilichokuwa nacho mfukoni ni ufunguo wa sanduku la barua. Nikamwambia nataka wa ziada. Akauchonga. Kesho yake nikarudi, nikaomba mwingine. Sasa nina funguo saba za sanduku la barua, na sanduku ni moja, na wewe huniandikii.

Jana alipoanza wa saba aliweka tupa chini, akaniangalia na kusema, "Mzee wa studio, hilo sanduku lako lina milango mingapi?" Nikainua kidole kimoja. Nina miaka sabini na moja na nilijibu kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Akasogeza benchi kwa mguu, akasema, "Kaa basi, chai ipo."

Tarehe thelathini na moja Julai anafunga. Nataka picha yake moja, akiwa ananitazama, kabla hajaondoka. Nimeandika. Unaweza kucheka sasa.

Babu


15 Juni

Babu,

Shikamoo. Mama mzima, jirani mzima, karakana nzima iko salama. Siumwi. Hujanikosea.

Kamera yako niliipima siku ile ile iliyofika. Niliifunga kwenye meza, nikaweka ubao wa mistari kwa hatua mbili, kwa tano, na kwa tisa, nikapima kwa kila lenzi iliyopo hapa. Kisha nikampa Mzee wa Vumbi naye apime, bila kumwambia kitu. Kamera haina kosa hata la unywele. Kioo hakijahama. Vivuli vinakutana pale pale vinapotakiwa kukutana. Imepiga ulichokuwa unakitazama, mara thelathini na sita.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Siku zilizobaki nilikuwa na hasira, na sasa lazima nikwambie kwa nini.

Lenzi yako ya tisini iko kwenye droo yangu. Yule mtu wa kwanza aliyeiulizia aliileta huku mjini, na miezi michache baadaye niliiona kwenye kabati la duka moja la vitu vya mitumba. Niliijua kwa kile kibonyeo cha kwenye ukingo, pale Bibi alipoitumia kugongea msumari wa pazia, wewe ukiwa unatafuta nyundo siku ya pili. Nikaichukua. Miaka mitatu na nusu imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, kile cha madoadoa, na sijaipigia picha hata moja. Ulipoomba lenzi, nilijua ndiyo unayoihitaji kuanzia hatua ya kumi na nane. Nikakuazimia ya mtu mwingine. Baadaye nikaona zile picha, nikasema moyoni: atafute pengine, hii ni ya Bibi. Yeye ndiye aliyenilea, Babu. Nilijifanya mlinzi wake wakati yeye hajaniomba ulinzi.

Barua yako ya funguo saba niliisomea stoo ili nisionekane nacheka. Nilitoka na hasira imepungua, nikachukua tisini, nikaifunga kwenye kamera yako nione kama zinapatana bado. Nilihitaji kitu chenye alama nyingi ndogo cha kulenga, na kwenye ukuta wa meza yangu kipo kimoja, ile picha uliyompiga Bibi kwenye stuli. Nikazungusha. Vivuli vikakutana kwenye jino lake la mbele lililopanda jingine. Nimeitazama picha hiyo kila siku na sijawahi kujiuliza anamcheka nani. Babu, anakucheka wewe.

Nikarudi kwenye filamu. Kuanzia picha ya thelathini na moja mpaka ya mwisho, Mama Tupa hatazami kazi yake tena. Amekuona. Anakutazama wewe, mzee mzima uliyejificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko tumbo lako, na anacheka vile vile. Nililia juu ya meza mpaka Mzee wa Vumbi akanipa kitambaa cha kufutia lenzi, heshima ambayo hajawahi kumpa mtu.

Kifurushi kinaondoka kesho. Tisini imefungwa kwenye kamera. Kitambaa nimebaki nacho.

Msalimie mke mwenzangu. Mwambie mimi ni mke mkubwa, kwa hiyo kazi za jikoni ni zake.

Bisibisi


8 Julai

Mke wangu mkubwa,

Nilifungua kifurushi sakafuni, hapo hapo mlangoni. Nilikiona kibonyeo kabla ya kuiona lenzi. Sitakuandikia nililia kiasi gani. Paka wa tano alikuja kunikalia mapajani, yeye ambaye hapendi kelele.

Nikachungulia, nikimtarajia Bibi yako pale kwenye stuli. Sikumwona. Niliona stuli, na vumbi juu yake, na nikasikia kabisa vile ambavyo angeniambia nilifute.

Sasa sikiliza mkasa. Nilivuka na kamera shingoni, nikasema kwa sauti niliyoizoeza tangu alfajiri, "Mama, naomba kukupiga picha." Akasema, "Miezi mitano ulikuwa unafanya nini?" Nikasema majaribio. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa, akanikaribisha ndani ya kibanda. Kibanda chenyewe kina upana wa milango miwili. Tisini, unavyojua, haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko mita moja. Nazungusha, nazungusha, vivuli viwili havikutani ng'o. Nikamwomba arudi nyuma. Nyuma yake kuna funguo mia tatu. Akasema, "Rudi wewe." Nikarudi nyuma mpaka nikatoka kibandani, nikarudi mpaka mtaroni, mguu mmoja ukaingia. Waendesha pikipiki watatu walisimama kunitoa. Nimemtafuta yule mama kutoka hatua kumi na nane, nimefika, nikaambiwa na lenzi kwamba niko karibu mno.

Alicheka mpaka akafunga kibanda saa tano asubuhi. Akasema, "Twende kwako, kwako kuna nafasi."

Nikafuta stuli. Akakaa. Hatua mbili na nusu, dirisha la kushoto, mwanga ule wa picha za Bibi yako, na sikuona haya. Aliona picha ya Bibi yako ukutani, akaniuliza, nikamweleza. Akainyoosha kidogo, ilikuwa imeinama. Halafu akaona mlango wa chumba cha giza, akainama kutazama kitasa kama daktari. "Hiki ufunguo wake uko wapi? Nachonga mwingine sasa hivi." Hapo ningeweza kusema umepotea, kama nilivyokuambia wewe. Niliutoa mfukoni mwa shati. Umekaa humo miaka minne, mjukuu wangu, nimeufua pamoja na mashati. Aliupokea, akaugeuza, akasema meno yake yamechoka, akaupitisha kwenye tupa mara tatu na kunirudishia. Mlango nikafungua mwenyewe. Alisubiri nje.

Picha nimeisafisha mimi, kwa mikono yangu, na imo ndani ya bahasha hii. Nadhani ni picha bora niliyowahi kupiga katika maisha yangu. Tazama macho yake.

Kwa binti yake hatakwenda. Mchonga funguo anahitaji meza iliyo karibu na barabara, nami nina dirisha pana na mashine ya nakala inayoweza kusogezwa. Binti amepiga simu kuuliza mimi ni nani. Nilisikia akijibiwa, "Ni yule wa funguo saba," na inaonekana ilitosha.

Mumeo, mwenye viatu vinavyokauka,
Babu


22 Julai

Mume wangu,

Shikamoo, na shikamoo yake pia. Mama nimemwambia. Aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kwaya, halafu akauliza kama Mama Tupa anaweza kutengeneza kufuli la kabati lake. Nadhani hiyo ni ndiyo. Mjomba naye ameniandikia, anataka kujua rangi gani itafaa kwa sherehe. Mzuieni.

Picha imefika. Niliiweka juu ya meza ya mwanga nikachukua kioo cha kukuzia, kama ulivyoniagiza, nitazame macho yake. Nimetazama macho, nyusi, kishikizo cha pili, stuli, pazia na ukuta. Nikamwita Mzee wa Vumbi, naye akatazama kila pembe, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Babu, picha yote ni ukungu. Hakuna kitu hata kimoja kilichotulia. Inaonekana kuna mtu, inaonekana anacheka, na inaonekana aliyeshika kamera alikuwa anatetemeka mwili mzima. Wewe, uliyekuwa ukiwarudisha watu kwenye stuli mara tano kwa sababu ya kope moja. Umeisafisha mwenyewe, umeikausha, umeitia kwenye bahasha na kuiita bora, bila kuona.

Kamera niliipima kabla sijaituma. Lenzi niliipima. Zote nzima.

Nimeitundika ukutani, kando ya Bibi. Kitambaa cha madoadoa nimekikunja chini yao. Usiipige tena, hiyo hiyo inatosha.

Nafika tarehe thelathini, tumhamishe pamoja. Nitabeba ubao wa funguo mimi, maana wewe hata siku moja hujautazama. Na mwambie mke mwenzangu anichongee ufunguo wa mlango wa mbele. Wa sanduku la barua usinipe.

Bisibisi